Barabara ya Kusini: kwa nini ilichelewa, na kwa nini inakatika hadi leo

Swali la msomaji: "Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mtwara, kwa sasa naishi Dar es Salaam. Mzee wangu alikuwa utingo wa lori la korosho miaka ya themanini. Anatuambia kwamba Mtwara hadi Dar walikuwa wanakaa njiani wiki nzima, na masika ikikolea hata wiki mbili. Sisi tunapanda basi alfajiri, jioni tumefika. Naomba unieleze barabara hii inapita wapi hasa, ilijengwaje hadi ikakamilika, kwa nini Kusini tulisubiri kuliko wenzetu, na kwa nini mwaka 2024 ilikatika tena Somanga wakati lami ipo."

Marahaba, mwanangu. Mpe mzee wako salamu zangu na umwambie namwamini kila siku aliyoihesabu. Nimefanya kazi za barabara maisha yangu yote, na miaka kadhaa ya kazi hiyo ilikuwa huko kwenu. Sijapata kukutana na dereva wa zamani wa njia ya Kusini aliyelazimika kutia chumvi ili hadithi yake ipendeze.

Ukitaka kuielewa barabara hii, lami iache kando kwanza. Chukua ramani uangalie mito. Kusini-mashariki mwa Tanzania mito yote mikubwa inatoka magharibi na kuingia Bahari ya Hindi. Barabara yenyewe inatoka kaskazini kwenda kusini. Maana yake ni kwamba hakuna mto hata mmoja inaoweza kuukwepa. Inakutana na Rufiji, Matandu, Mavuji, Mbwemkuru, na mwishoni bonde la Lukuledi linalomwaga maji katika Ghuba ya Lindi. Katikati ya hiyo mitano kuna vijito na makorongo chungu nzima, mengine makavu miezi tisa ya mwaka. Mengi ya uliyoniuliza majibu yake yamo katika mito hiyo, na katika hayo makorongo makavu zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Sasa njia yenyewe. Kwa Dar es Salaam inaitwa Barabara ya Kilwa, jina linalokuambia wazi ilikuwa inakwenda wapi. Inapita viwanja vya Sabasaba, Mtoni, Mbagala hadi Rangi Tatu, Kongowe, kisha inaingia Mkoa wa Pwani kwa Vikindu na Mkuranga. Unapita Kimanzichana na Bungu, unafika Kibiti, takriban kilomita 140 kutoka mjini. Kibiti hadi Ikwiriri ardhi inaanza kushuka taratibu, mikorosho inapungua, na unaona mashamba ya mpunga. Hapo umeshaingia bonde la Rufiji. Unavuka mto kwa Daraja la Mkapa, unapita Ndundu, Nyamwage, na Marendego, ambako ndiko unakoingia Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Kisha Somanga, ambako abiria wengi huwa wanateremka kununua samaki, halafu Njia Nne, Mto Matandu na Nangurukuru. Nangurukuru ni njia panda: kushoto unakwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, moja kwa moja unaendelea Lindi. Kutoka hapo ni msitu mrefu na vijiji vilivyoachana: Mavuji, Kiranjeranje, Hoteli Tatu, Mto Mbwemkuru, kisha Mchinga na Lindi mjini.

Wageni wengi wanadhani baada ya Lindi barabara inafuata pwani hadi Mtwara. Haifanyi hivyo. Ghuba ya Lindi imeingia ndani ya nchi kavu, kwa hiyo barabara inalazimika kuizunguka hadi Mingoyo, pale watu wanapopaita Mnazi Mmoja. Hapo ni njia panda nyingine: kulia unakwenda Mtama, Masasi na kuendelea Tunduru na Songea, kushoto unakwenda Mikindani na Mtwara. Dar hadi Mtwara kwa jumla ni takriban kilomita 560. Kwa sheria zetu hii ni barabara kuu, si barabara ya mkoa, kwa hiyo iko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2000. Ukikuta ramani ya zamani imeandikwa B2, ndiyo hiyo hiyo.

Uliniuliza kwa nini Kusini mlisubiri. Jibu lake ni refu, na sehemu ya kwanza ni hii: kwa karne nyingi pwani ile haikuhitaji barabara ya kuiunganisha na Dar, kwa sababu barabara yake ilikuwa bahari. Jahazi lilipanda na kusi na kushuka na kaskazi. Mtu wa Kilwa mwenye mzigo wa kupeleka Unguja au Bagamoyo asingeweza hata kuwaza kuupitisha Rufiji kwa miguu. Njia za nchi kavu zilikuwepo, na zilikuwa na shughuli nyingi, ila zote zilitoka pwani kwenda bara. Kubwa kuliko zote ilitoka Kilwa Kivinje hadi Ziwa Nyasa, njia ya misafara iliyoteremsha pembe za ndovu na, kwa uchungu mkubwa, watumwa. Mikindani ilikuwa na njia yake. David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866. Lindi nayo ilikuwa na yake. Kila bandari ilikuwa na mgongo wake wa kuelekea magharibi, na bandari kwa bandari waliunganishwa na maji.

Wajerumani waliukuta mpangilio huo na wakaendelea nao. Kisha mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianzia huko huko, katika vilima vya Matumbi, magharibi ya njia ninayokueleza. Nchi kubwa ya ndani iliachwa na njaa na vifo, na sehemu kubwa ya ardhi iliyopungukiwa watu ikaja kuwa hifadhi ya wanyama, ile tuliyoizoea kwa jina la Selous, yenye takriban kilomita za mraba 50,000 kabla ya sehemu yake kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Itazame hifadhi hiyo kwenye ramani kwa jicho la mtu wa barabara. Imekaa kama ukuta kati ya pwani ya Kusini na Morogoro. Kwa hiyo hakukuwa na njia ya kupenya katikati. Ama upite pwani uvuke Rufiji karibu na delta, ama uzunguke Songea, Njombe na Iringa.

Waingereza walileta fedha nyingi Kusini kwa muda mfupi, nazo zilikwenda upande ule ule wa mashariki hadi magharibi. Ule Mpango wa Karanga wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia uliifanya Nachingwea kuwa kitovu cha mashamba, ukajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuviunganisha. Karanga zilishindwa, mpango ukafutwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa. Fikiria hali iliyobaki baada ya uhuru: bandari nzuri sana, mikoa yenye korosho, na hakuna kitu cha kudumu kinachoiunganisha na nchi nyingine kwa nchi kavu. Halafu kuanzia 1964 hadi 1974, mwaka mmoja kabla ya Msumbiji kupata uhuru, ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita. Wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na kambi Nachingwea, na Kusini yote ilikuwa eneo la ulinzi kuliko eneo la kupeleka mitaji.

Najua huko kwenu wapo wanaosema Kusini ilisahauliwa makusudi. Siwezi kusoma mioyo ya waliokuwa wanapanga bajeti. Ninachokijua ni hesabu iliyokuwa mezani, na hesabu hiyo ilikuwa ngumu: hapakuwa na faida ya kuweka lami kusini ya Rufiji wakati gari zote zinasubiri pantoni kuvuka, na hapakuwa na fedha za daraja refu namna ile. Kwa hiyo kila mwaka barabara ilifanyiwa matengenezo ya changarawe, na kila masika changarawe ikaondoka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, nyingi kutoka mikoa hiyo ya Kusini. Mkoa unaoipa nchi zao kama hilo ulistahili daraja mapema zaidi. Hilo nalisema kama mhandisi, na nalisema pia kama raia.

Sasa nije kwenye kile alichokiona mzee wako.

Pale Ndundu kulikuwa na kivuko. Gari zilipanga foleni ukingoni, malori na mabasi pamoja, na mama ntilie wakawa na mji wao mdogo kwa ajili ya watu wa foleni. Mto ukijaa, mkondo unakuwa mkali na kivuko kinasimama. Mto ukipungua sana kiangazi, mchanga unajitokeza na pantoni inakwama kabla ya kufika ng'ambo. Rufiji inahamisha mchanga wake kila mwaka, kwa hiyo gati la mwaka jana si lazima lifae mwaka huu. Halafu kuna jambo ambalo huwashangaza vijana: mvua ikinyesha sana Mbeya na Iringa, maji yake yanapita Ikwiriri. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu zote zinaingia Rufiji. Bonde lake ni takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Unaweza kukaa Ndundu chini ya anga safi, jua linawaka, na mto unapanda mbele ya macho yako kwa mvua ambayo hukuiona.

Ukishavuka ndipo kazi ya utingo ilipoanza. Ndundu hadi Somanga ni kilomita 60 tu, na sehemu kubwa ni udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Uchukue kiganjani wakati wa kiangazi: ni mgumu kama tofali, na ardhini una nyufa za kuingiza mkono. Umwagie maji, unavimba na kuteleza kama sabuni. Ukikanyaga, unanata kwenye kiatu, na kila hatua kiatu kinakuwa kizito zaidi. Sasa weka juu yake lori lenye magunia ya korosho. Tairi la kwanza linachora mfereji, maji yanakaa kwenye mfereji, la pili linauchimba zaidi, na lori la tano linalala hadi kwenye ekseli. Hapo utingo anashuka na gogo lake, anachimba kwa jembe, anakata matawi ya kutandika, dereva anajaribu, tairi linazunguka bila kushika, wanaanza upya. Ikishindikana wanashusha mzigo, gunia kwa gunia, wanalitoa gari, wanapakia tena. Mita 200 mbele, hivyo hivyo. Nimeona malori zaidi ya ishirini yamesimama mfululizo Marendego, watu wamefunga turubai, wanapika, wengine wanaumwa malaria hapo hapo. Wiki mbili za mzee wako zilikuwa za namna hiyo.

Ufunguo ulikuwa daraja. Daraja la Mkapa lina urefu wa takriban mita 970 na lilifunguliwa Agosti 2003 na Rais Benjamin Mkapa mwenyewe, mtoto wa Lupaso, Masasi. Fedha zilitoka serikalini pamoja na mikopo, ikiwemo ya Kuwait na ya mfuko wa nchi za OPEC. Kwa miaka mingi halikuwa na mpinzani kwa urefu nchini. Watu huliona daraja hili kama nguzo na zege. Mimi huwa natazama zaidi urefu wake. Mto wenyewe wakati wa kiangazi ungeweza kuvukwa kwa daraja fupi zaidi. Walioliweka la mita 970 waliamua kuupa mto nafasi ya kutembea, maana Rufiji inahama. Uamuzi huo uligharimu fedha nyingi na ulikuwa sahihi. Nitaurudia mbele.

Baada ya daraja, lami ilishonwa kipande kwa kipande, na haikuja kwa mfuatano wa safari. Dar hadi Kibiti ilitangulia. Huku chini, Nangurukuru hadi Mbwemkuru na Mbwemkuru hadi Mingoyo zilijengwa kama miradi yake, kilomita 95 kwa kila kimoja. Somanga hadi Matandu, kilomita 33, nayo ikapata lami. Kipande cha mwisho kabisa kilikuwa Ndundu hadi Somanga. Kwa miaka kadhaa abiria alitoka Dar kwa raha, akafika kwenye zile kilomita 60, akateseka, kisha akarudi kwenye lami. Kilikamilika katikati ya miaka ya 2010.

Kwa nini kilichelewa kuliko vyote? Ule udongo wa mbuga huwezi kuuwekea lami juu yake tu. Ukifanya hivyo, unavimba masika na kusinyaa kiangazi, lami inapasuka kwa urefu kando ya barabara, maji yanaingia kwenye ufa, na baada ya misimu miwili mitatu una mashimo. Kuna njia chache za kuushughulikia. Unaweza kuuchimba wote na kuuondoa, ukajaza udongo mzuri. Unaweza kuuchanganya na chokaa, ambayo hupunguza kuvimba kwake. Unaweza kujenga tuta refu na pana ili uzito wake uutulize, na mabega ya barabara yawe mapana ili unyevu usifike chini ya matairi. Zote zinahitaji kifusi kingi, na bonde la mafuriko halina changarawe wala mawe. Yanasombwa kutoka mbali kwa malori, juu ya udongo ule ule, katika miezi ile michache ya ukavu. Mkandarasi akichelewa kuanza kwa miezi miwili, amepoteza mwaka. Kwa mtu aliye nje ya kazi hii inaonekana ni uzembe. Uzembe unaweza kuwepo, lakini hata mkandarasi mwadilifu angetoka jasho pale.

Sasa Somanga ya mwaka 2024. Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, maeneo ya Mafia na Kilwa. Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, lakini si vigeni: mwaka 1872 kimoja kiliipiga Zanzibar na kung'oa mikarafuu, na mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Hidaya kilimwaga mvua nyingi kwa muda mfupi juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa imeshiba maji ya masika. Barabara ikakatika Somanga na sehemu nyingine za Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki bila njia ya moja kwa moja ya kwenda Dar. Waliolazimika kusafiri walizunguka Masasi, Tunduru, Songea hadi Makambako.

Angalia kilichosimama na kilichoanguka. Rufiji ilikuwa imefurika vibaya Aprili ya mwaka huo huo, vijiji vya Rufiji na Kibiti vikazama, lakini Daraja la Mkapa halikutikisika. Zilizokatika ni sehemu za vijito ambavyo msafiri hata hajui majina yake. Vinatoka kwenye vilima vya Matumbi, si mbali na barabara. Mto mkubwa unajaa kwa siku na wiki, unakuonya. Kijito cha vilimani kinajaa kwa saa chache, kinakuja na magogo na matope, na jioni kimeshakauka. Mto mkubwa wajenzi waliupa heshima yake ya mita 970. Kijito kilipewa kalavati, yaani tundu la zege la kupitisha maji chini ya barabara.

Na mara nyingi zege halivunjiki. Hebu tazama picha za siku zile kwa makini, utaona daraja au kalavati limesimama peke yake katikati ya maji, limekosa barabara pande zote mbili. Kinachotokea ni hiki. Maji yanakuja mengi kuliko tundu linavyoweza kupitisha, au magogo yanaziba tundu. Yanajikusanya upande wa juu kama bwawa, kwa sababu tuta la barabara limekuwa ukuta. Yanapanda hadi yanavuka juu ya lami. Juu ya lami hayafanyi madhara makubwa. Madhara yanaanza yanapoanguka upande wa pili: yanachimba mguu wa tuta pale chini, udongo unamomonyoka, ukingo wa lami unabaki unaning'inia bila kitu chini yake, unavunjika, na shimo linarudi nyuma kuelekea katikati hatua kwa hatua. Ndani ya saa chache tuta lililojengwa kwa miezi limekwenda baharini. Kwa hiyo kusema "lami ilikuwa mbovu" ni kumtafuta mkosaji mahali asipokuwepo. Lami ni ngozi tu.

Swali la haki ni kwa nini tundu lilikuwa dogo. Sisi wahandisi tunasanifu kwa kipimo cha mafuriko, tunasema kwa mfano mafuriko ya miaka 50. Jina hilo limewapotosha wengi, hata viongozi. Halina maana kwamba yatakuja mara moja kila baada ya miaka 50. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 2 kati ya 100 ya kupata mafuriko makubwa kuliko hayo. Katika miaka 20 nafasi hiyo inafika karibu moja kati ya tatu. Na barabara hii haina kijito kimoja. Ukiwa na vijito kumi, kila kimoja na mvua zake, nafasi ya kwamba angalau kimoja kitazidiwa katika mwaka wowote inakaribia 18 kati ya 100. Kikikatika kimoja, kilomita 560 zote zimekatika. Basi lililofika Nangurukuru salama halisaidiki kitu kama Somanga hapapitiki.

Zaidi ya hapo, kipimo chenyewe kinatokana na kumbukumbu za mvua zilizopita, na vituo vya kupima mvua katika vilima vile ni vichache. Misitu ya juu ikifyekwa kwa mkaa na mashamba ya ufuta, maji yanashuka haraka zaidi kuliko yalivyoshuka wakati hesabu ilipofanywa. Tundu lile lile linakuwa dogo bila mtu kuligusa.

Kinachotakiwa kinajulikana. Matundu mapana zaidi kwenye vijito vya vilimani, madaraja badala ya kalavati pale panapostahili. Miguu ya matuta ivalishwe mawe, au yale makapu ya waya yaliyojazwa mawe, upande wa baharini hasa, kwa sababu ndiko maji yanakoangukia. Mahali pengine ni busara kuacha kipande kifupi cha barabara kiwe chini kidogo na kivalishwe zege, ili maji makubwa yakija yapite hapo juu bila kuchimba, watu wasubiri saa tatu badala ya wiki tatu. Na kila Oktoba, kabla ya vuli, kila kalavati liondolewe mchanga na magogo. Kazi hiyo ya mwisho ni ya majembe na mikono, haina sherehe ya kukata utepe, ndiyo maana inasahaulika kirahisi. Mimi ningeipa fedha kwanza.

Liko pia jambo la mizigo. Barabara hii ilipofunguka, uchumi uliifuata mbio. Kiwanda kikubwa cha saruji kilianza kazi Mtwara mwaka 2015, na malori yake yakaanza kupanda Dar. Makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma yanashuka Bandari ya Mtwara kupitia Masasi na Mingoyo. Uharibifu wa lami hauongezeki sawa na uzito. Unaongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ikizidishwa mzigo kwa asilimia 20, uharibifu unakuwa mara mbili. Mwenye lori anayejaza tani mbili za ziada anadhani ameiba safari kidogo, kumbe anakula barabara ya wote. Mizani haiwekwi kwa ajili ya kumwonea dereva.

Nikuombe kitu. Ukipata nafasi, safiri na mzee wako mchana, umkalishe dirishani. Mkishavuka Daraja la Mkapa, mwache aongee hadi Somanga, na wewe uandike. Madereva na utingo wa zamani walikuwa na majina yao kwa kila tope, kila mteremko na kila mti waliolala chini yake. Michoro yetu ya kihandisi inaonyesha namba za kilomita tu, wakati majina yale yanaonyesha mahali maji yalipokuwa yanakaa kabla ya tuta kujengwa. Ukiyapata, niletee. Naamini mengi yataangukia pale pale ambapo barabara ilikatika mwaka 2024.